Mlango wa Mama Kasiani

Wiki niliyokabidhi kishikwambi, begi na mabuti ya mvua, vijana wa idara yetu waliniomba niandike kurasa chache juu ya kazi ya udadisi. "Kabla hujasahau, Mama," walisema. Walisema kwa heshima zote, lakini nilisikia. Basi naandika nikiwa bado na akili zangu timamu, hapa barazani kwangu Viwanja Sitini, na nianze kwa kuwatoa hofu: sitaeleza nilipandishwa cheo mara ngapi wala nililipwaje. Nitaeleza juu ya neno moja la Kiingereza lililonisumbua tangu siku yangu ya kwanza kazini mpaka ya mwisho, na juu ya mtoto mmoja ambaye kalamu yangu ilimwandika vibaya, akakaa hivyo daftarini kwa zaidi ya miaka ishirini. Neno ni home. Mtoto aliitwa Kasiani.

Kazi yenyewe mnaijua, ila huenda maandishi haya yakasomwa na mtu wa nje. Kituo cha utafiti wa afya kilitutuma vijijini, nyumba kwa nyumba, mara tatu kwa mwaka. Tulikuwa na maswali mengi, lakini kiini chake kilikuwa mambo manne: nani kazaliwa, nani kafa, nani kahamia, nani kahama. Kila mtu wa bonde hili la Kilombero alikuwa na mstari wake kwenye daftari kubwa la jalada jeusi, na mimi nililibeba daftari hilo kwa miaka mingi hadi watu wakaniita Mama Daftari kabla hata sijapata mtoto.

Siku ya kwanza nilipelekwa Kisawasawa pamoja na Mzee Salvius, aliyepewa kazi ya kunifundisha. Alikuwa mtu wa Mahenge, mfupi, mkimya, na ujanani alikuwa akishika mnyororo wa wapima ardhi, kwa hiyo aliweza kukuchorea ramani ya kijiji kwa kuhesabu hatua zake tu. Dodoso letu lilikuwa limeandikwa kwanza kwa Kiingereza, kisha likatafsiriwa haraka haraka na mtu aliyekuwa na basi la kuwahi. Swali la kwanza lilikuwa: "Je, hapa ni nyumbani kwako?" Nilimuuliza mzee mmoja aliyekuwa anatia mpini kwenye jembe.

"Hapa ni kwa mke wangu mdogo," akanijibu.

"Kwa hiyo nyumbani kwako ni kwa mke mkubwa?"

"Kule ni kwa mke mkubwa. Nyumbani ni Mahenge."

"Unalala Mahenge?"

"Mara ya mwisho nililala Mahenge alipokufa baba. Wewe binti, unataka kujua nini hasa?"

Nilimtazama Mzee Salvius anisaidie. Alikuwa ameinamia begi lake akitafuta kitu ambacho nina hakika hakikuwemo. Tulipotoka nje ya ua ndipo alipocheka, akaniambia kwamba swali nililouliza lilikuwa zuri sana, tatizo lake ni kwamba nafasi ya kuandikia jibu ilikuwa ndogo.

Mzee Salvius alinifundisha mambo ambayo hayamo kwenye mwongozo. Usikae kabla hujakaribishwa, na ukikaribishwa usikatae hata kama kiti kina mguu mmoja pungufu. Usiulize waliokufa kabla hujaulizia walio hai. Tumia penseli, kwa sababu mvua ya Kilombero haina urafiki na wino. Na alinifundisha vibao. Yeye mwenyewe alikata madebe ya mafuta ya kula kuwa vipande vya ukubwa wa kiganja, akatoboa namba kwa msumari, tukawa tunavigongomelea kwenye nyumba ili kila kaya iwe na namba yake ya kudumu.

Tuligongomelea kwenye mlango. Hilo lilijadiliwa kwenye kikao, na sote tulikubali. "Ukuta huu wa udongo utaanguka masika," alisema Mzee Salvius, "mlango hautaanguka." Ilikuwa kweli kabisa. Milango ya bonde hili ni ya mninga, mipana, mizito, na mtu huweza kujenga nyumba tatu katika maisha yake akitumia mlango uleule. Yeye alikuwa mtu wa milimani na mimi ni mtu wa Ifakara mjini. Wote wawili tulitoka mahali ambapo mlango ukishafungwa kwenye fremu, unakaa hapo.

Jibu la yule mzee wa jembe lilinikaa kichwani. Mwezi ule nilinunua kamusi ya Kiingereza ya mitumba pale sokoni, isiyo na jalada na yenye kurasa zilizoliwa na mchwa kuanzia herufi T, kwa hiyo kuhusu maneno ya mwisho ya Kiingereza msiniulize. Herufi H ilikuwa salama. Nikakuta kwamba home ina safu nzima ya maana. Ni nyumba unayoishi, ni nchi uliyotoka, ni mahali wanapotunzwa wazee, ni mahali mnyama anapopatikana kwa wingi, ni upande wa timu inayocheza kwao. Njiwa anayerudi alikotoka ana neno hilo ndani ya jina lake la Kiingereza. Wizara inayoshughulika na polisi na magereza nayo wanaiita kwa neno hilohilo, sisi tukaona tuiite ya mambo ya ndani, jambo ambalo kwa mtu aliyewahi kulala mahabusu ni tafsiri nzuri zaidi.

Miaka ikapita, na kila mgeni aliyekuja kituoni akiwa na elimu ya lugha nilimdaka wakati wa chai. Mmoja alinieleza kwamba hapo kale neno hilo halikuwa nyumba hata kidogo, lilikuwa kijiji kizima, watu pamoja na mashamba yao, na kwamba mabaki yake yapo hadi leo kwenye majina ya miji ya Uingereza yanayoishia na ham. Akaniambia pia kuwa neno lao la mume asili yake ni mkaazi mwenye nyumba. Nilimpelekea mume wangu habari hiyo, akafurahi wiki nzima, mpaka paa lilipoanza kuvuja nikamkumbusha. Mwingine alisema wapo wataalamu wanaolifuata neno hilo nyuma zaidi, kwenye mzizi wa zamani sana wenye maana ya kujilaza, kutulia mahali, ingawa hawajakubaliana. Hilo nililiandika nyuma ya daftari langu. Sikujua kwa nini limenigusa.

Na kwa upande wetu nikaanza kukusanya majibu. Mfugaji wa Kisukuma aliyeweka mji wake ukingoni mwa mbuga aliniambia kwao ni kule ng'ombe wanakolala, na kwamba hata hilo neno kaya ninalotembea nalo ni lao. Mpogoro mmoja akabisha, akasema kwao pia lipo tangu zamani. Niliwaacha wakigombea. Mvuvi wa kambi ya mtoni alisema nyumbani ni kule anakopeleka kambale wakubwa, wadogo anakula palepale. Mama mmoja alisema ni mahali ambapo akiumwa hatamwomba mtu radhi. Yote haya hayakuwa na mahali pa kuandikwa kwenye dodoso, nikawa nayaandika pembezoni kwa penseli, na msimamizi wetu akawa anayafuta.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Kulikuwa na kijiji kimoja upande wa Malinyi nilichopewa miaka michache baada ya kuanza kazi. Kufika huko siku hizo ni kuvuka kwa kivuko, kisha baiskeli, kisha miguu. Kaya namba 0412 ilikuwa ya mama mmoja Mndamba mwenye sauti ya chini na macho yasiyokupa nafasi ya kudanganya. Mtoto wake wa kwanza alikuwa Kasiani, wa miaka minne, basi yeye akaitwa Mama Kasiani. Nilimpenda yule mtoto. Kila nikija alikuwa anaomba kushika penseli, kisha anachora mstari mmoja mrefu kwenye mkono wake mwenyewe na kunirudishia.

Nilikuja kwenye mzunguko wa masika, wangu wa kwanza kijijini hapo. Nilipofika pale penye 0412 nikakuta nyumba bila mlango. Mahali pa mlango palikuwa na uzio wa matete uliofungwa kwa kamba. Nilichungulia ndani: hakuna kitanda, hakuna sufuria, hakuna kuku. Ukuta wa nyuma umeanza kuinama. Hakukuwa na jirani wa kumuuliza kwa sababu nyumba zote za upande ule zilikuwa kimya. Mvua ilikuwa inakuja na kivuko kilikuwa hakimsubiri mtu. Nikaandika herufi moja, H, kwenye mstari wa baba, wa mama, wa Kasiani na wa mdogo wake. Wamehama. Kwa kalamu, si kwa penseli, maana siku hiyo penseli ilikuwa imekatika ncha.

Kila mtu wa bondeni angenicheka. Wakati wa kilimo watu wa kule huenda kukaa mashambani kwao mbugani, mbali na kijiji, miezi minne, mitano, katika vibanda vya kuamia ndege na kulinda mpunga. Hilo nililijua. Nisilolijua ni kwamba huondoka na mlango. Mlango mzuri ni mmoja kwa kila familia, na unahitajika pale penye watoto na penye mpunga. Nyumba ya kijijini ikiwa tupu haina cha kuibiwa isipokuwa huo mlango wenyewe, kwa hiyo wanaung'oa, wanauweka kwenye mtumbwi au kwenye mkokoteni wa ng'ombe, wanakwenda nao. Na sisi watu wenye elimu tulikuwa tumegongomelea namba ya kudumu kwenye kitu pekee cha nyumba kinachosafiri.

Mwezi uliofuata vyandarua vilikuja kugawiwa pale kijijini kwa kufuata daftari letu. Waliokuwa mashambani walichukuliwa vyao na ndugu na majirani waliobaki, wakapelekewa kwa mtumbwi. Jina likiwa na H, hakuna chandarua. Sikuwepo siku hiyo. Nilisikia tu kwamba ugawaji ulikwenda vizuri.

Nilirudi baada ya mavuno. Mlango ulikuwa mahali pake, kibao 0412 kikiwa kimepindwa pembe moja. Mama Kasiani alikuwa anaanika mpunga. Mdogo mtu alikuwa anatambaa kwenye mkeka. Nilipiga hodi, nikakaribishwa, nikakaa, nikauliza walio hai kwanza, kama nilivyofundishwa.

"Kasiani hayupo," alisema. "Ni homa. Mpunga ulikuwa unachanua."

Nilimpa pole. Akapokea. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, "Siku ya vyandarua shemeji yangu alikwenda kutuchukulia vyetu. Wakamwambia sisi tumehama. Daftari limesema."

Nikafungua daftari penye mstari wake.

"Dada, sisi hatujahama. Mlango tunao."

Nilimwambia kwamba aliyeandika ni mimi. Sikuona namna nyingine. Akaendelea kugeuza mpunga kwa mguu. Nimeulizwa na watu wawili watatu niliowasimulia kisa hiki kama chandarua kingemwokoa yule mtoto. Sijui. Wapo waliolala ndani ya chandarua wakafa na wapo waliolala nje wakapona. Ninachojua ni kwamba alikuwa na haki ya kulala ndani yake na mimi nilimnyima kwa herufi moja.

"Basi andika ukweli," akaniambia nilipokuwa naondoka. "Mtoto wangu hajahama."

Nilifika kituoni nikaenda moja kwa moja chumba cha takwimu. Wakati huo kompyuta zilikuwa zimeshaingia, kubwa, zenye kelele. Msimamizi wa takwimu, kijana mpole, alijaribu mbele yangu. Kompyuta ilikataa. Alinieleza kwamba mtu aliyekwisha kuhama hawezi kufa. Ni lazima kwanza arudi, aandikwe kuwa amehamia, ndipo aweze kuandikwa amekufa. Wazazi na mdogo mtu waliweza kuandikwa wamerudi, kwa sababu walikuwepo. Kasiani hakurudi, basi hakuweza kufa. Kaya ilipewa namba mpya, 0688, na ndani ya kaya mpya hakukuwa na mtoto wa jina hilo. Katika maisha yangu yote sijawahi kuchukia mashine kama siku ile, na yule kijana aliona, akanisogezea chai.

Mzee Salvius alipata habari. Siku ya tatu alinikuta nikikata madebe ya vibao vipya, akaketi karibu nami. "Namba kuiweka mlangoni ni wazo langu," alisema. "Usibebe peke yako." Alistaafu mwaka uliofuata, na hayo ndiyo maneno ya mwisho ya kikazi aliyoniambia.

Nilipopeleka kibao kipya, Mama Kasiani alikubali nikigongomelee lakini hakukubali nikitoe cha zamani. Vikakaa viwili, kimoja juu ya kingine. Na tangu hapo, kila mzunguko, mara tatu kwa mwaka, tulipomaliza maswali yangu alikuwa na swali lake moja.

"Kasiani mmemrudisha?"

"Bado, dada."

"Haya. Karibu tena."

Hakuwahi kuliuliza kwa ukali. Wapo wadadisi walioomba kupewa vijiji vya karibu na lami walipopata nafasi. Mimi sikuomba kuondolewa kile, na sijifanyi kwamba ni ujasiri. Nilikuwa naogopa kwamba akija mtu mwingine, lile swali halitakuwa na wa kuulizwa.

Kosa lile lilinipa udadisi wa aina nyingine. Nikaanza kufuatilia milango. Nikiwa kwenye kijiji cha bondeni wakati wa masika, siulizi tena kama hapa ni nyumbani kwa nani, nauliza, "Mlango wao uko wapi?" Na watu walikuwa wananielewa mara moja, hata watoto. "Uko Mbuga ya Juu." "Uko kwa dada yake, yeye kaenda kujifungua." Nilikuta mlango mmoja ambao ndugu wawili walikuwa wanapokezana, kila mmoja msimu wake. Nilikuta mke aliyeachika akaondoka na mlango mgongoni mwa baiskeli, na kijiji kizima kikaelewa kuwa safari hii harudi. Nilikuta mlango unaotumika kama kitanda cha mgonjwa na mwingine ulioanikiwa samaki. Lakini kila uliposimama kwenye fremu, kuna mtu ndani yake aliyejua kwamba hapo ndipo pake.

Kilipoandaliwa kile kikao kikubwa cha kutafsiri dodoso jipya, nilikuwa tayari mkongwe. Daktari aliyekiongoza, Mtanzania mwenzetu aliyesomea mbali, alikuwa mtu msikivu ila mwenye haraka. Neno home lilikuwa mbele yetu tena, na watu walishatumia asubuhi nzima wakivutana kati ya nyumba, nyumbani, makazi, maskani na kaya.

"Tuulize mlango wao uko wapi," nikasema.

"Mlango kama mfano wa makazi?" akauliza daktari.

"Mlango wa mbao, daktari. Wenye bawaba."

Watu walicheka. Nikawaeleza. Hakuamini, na sikumlaumu. Akasema tujaribu kijiji kimoja masika yale, yeye mwenyewe aje. Alikuja, na viatu vyake vikaishia siku ya kwanza. Tulipanda mtumbwi kwenda mbugani, tukapita vibanda kimoja kimoja, na kwenye kila kibanda chenye mlango wa mninga kulikuwa na kibao chetu cha debe. Kaya ambazo daftari lilikuwa linasema zimehama tulizikuta zimekaa zinamenya mihogo. Daktari alisimama ndani ya maji yaliyomfika magotini akisoma namba mlangoni, akaangalia karatasi yake, akaisoma tena. Jioni alinieleza kwamba tangu sasa vibao vibaki hapohapo kwenye milango, na wadadisi waifuate. Ndiyo sababu ninyi vijana, mkiingia kazini, mnakuta kwenye kishikwambi swali la saba, lile la mlango uko wapi, ambalo halimo kwenye dodoso la Kiingereza. Mlikuwa mnadhani ni kosa la uchapaji.

Vishikwambi vilipoingia nilidhani vitanishinda. Neema, msimamizi wa takwimu mliyenaye sasa, alinifundisha kwa uvumilivu ambao nisingekuwa nao. Chini ya kioo kulikuwa na kidude chenye picha ya nyumba ndogo. "Ukipotea, Mama, gusa hapo," alinionyesha, "inakurudisha nyumbani." Nikamuuliza kwa Kiingereza wanakiitaje. Alipojibu nilicheka hadi akadhani nimeugua.

Ni Neema pia aliyenifungulia mlango, na hapa sisemi mlango wa mbao. Miezi mitatu kabla sijastaafu nilimsimulia habari za Kasiani, nikitaka tu mtu mwingine azijue nikiondoka. Akageukia kompyuta yake.

"Mfumo mpya unaruhusu kurekebisha kumbukumbu za zamani," alisema. "Ila lazima mdadisi aliyeandika mwanzoni ndiye athibitishe. Na ndugu wa karibu ajibu."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana, Mama. Hakuna aliyewahi kuomba."

Nilikwenda juma lile lile. Siku hizi ni daraja, kivuko kimebaki kwenye mazungumzo. Mama Kasiani sasa ni bibi. Wanawe wamemjengea nyumba ya tofali yenye mlango wa chuma ambao hauhitaji kwenda popote, na yeye mwenyewe haendi tena mbugani. Mlango wa mninga umewekwa jikoni, nyumba ndogo ya nyuma, na vile vibao viwili bado vipo, vimekula kutu hadi namba unazisoma kwa kidole. Alinikaribisha humohumo jikoni.

"Shikamoo, dada," nikamwamkia, maana ni mkubwa kwangu kwa miaka kadhaa.

"Marahaba. Leo si zamu yako."

"Si zamu. Nimekuja kumrudisha Kasiani."

Alisogeza sufuria pembeni ya moto, akajifuta mikono, akakaa kwenye kigoda mbele yangu. Nikawasha kishikwambi. Jina. Jinsi. Tarehe ya kufariki. Hapo mfumo wenyewe unakubali mwezi tu, na mpunga ukichanua tunajua ni mwezi gani. Sababu. Kisha likaja swali la mahali, lenye majibu manne: nyumbani, kituo cha afya, njiani, kwingineko. Nilikuwa tayari nimeweka kidole. Miaka yote ile nilijua amefia kule kibandani.

"Alifia wapi?" nikauliza, kwa sababu kuuliza ni kazi yangu.

Ndipo akanieleza jambo ambalo sikuwahi kumuuliza, wala mtu yeyote hakuwahi. Ile homa ilimpanda usiku, kulipokucha akashikwa na degedege. Maji yalikuwa juu na mtumbwi ulikuwa umechukuliwa na waliokwenda mnadani. Baba yake aliung'oa mlango. Wakamlaza mtoto juu yake, wakamfunika kanga mbili, wakauelekeza majini, baba akivuta kwa mbele na yeye akisukuma kwa nyuma, maji yakiwa kifuani, kuelekea kijijini kwenye zahanati. Mninga unaelea. Mdogo mtu alikuwa mgongoni mwake juu kabisa, amemfunga shingoni. Walipofika kwenye mwanya wa matete, mahali ambapo paa la kanisa linaanza kuonekana, alimgusa Kasiani miguu akakuta imepoa. Hakumwambia mume wake. Aliendelea kusukuma mpaka nchi kavu.

Moto ulikuwa unapungua na hakuna aliyeuchochea. Nilikuwa nalia, na sioni haya kuliandika. Kwa miaka mingi niliwafundisha watu kwamba mdadisi anaandika kilichotokea, haandiki anachokitamani. Na kwa mwongozo wetu, mtu aliyefariki kati ya alikokuwa na zahanati ana jibu lake, namba tatu.

"Hapa kuna njiani, dada," nikasema polepole.

"Njiani wapi?" akauliza. "Mwanangu alikuwa amelala juu ya mlango wetu, baba yake yuko mbele, mimi niko nyuma, mdogo wake yuko mgongoni kwangu. Nani alikuwa amebaki?"

Nikawaza yule mzee wa jembe wa Kisawasawa, na nafasi ndogo ya kuandikia jibu. Nikawaza ule mzizi wa zamani, wa kujilaza, niliouandika nyuma ya daftari. Kisha nikagusa jibu la kwanza. Kishikwambi kikaniuliza kama nina hakika, kama kinavyouliza kila kitu. Nikagusa ndiyo.

"Nisomee," akasema.

Nikamsomea. "Kasiani. Mtoto wa kiume. Miaka minne. Kaya namba 0412. Amefariki. Nyumbani."

"Rudia."

Nikarudia, na safari hii yeye alitamka neno la mwisho pamoja nami. Kisha akainuka, akasukuma sufuria irudi motoni, akauvuta ule mlango na kuufunga, kwa sababu kuku walikuwa wameanza kuingia.